Barua Tatu Dhidi ya Doña Nicasia

Jumatatu, tarehe 1 Agosti 1988

Kifurushi cha Griselda kimefika! Miezi mitano njiani kutoka Buenos Aires. Mke wangu Casimira alinawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Kamba nzima. Anwani sawasawa, mwandiko wa binti yetu ule ule uliolala ubavu. Tukafungua. Ndani: tofali. Nusu tofali la udongo, limezungushiwa gazeti kwa unadhifu mkubwa.

Barua yake ya mwaka mpya ilisema tungoje sweta aliyoifuma kwa mkono wake, pamoja na picha ya mtoto. Mjukuu wetu wa kwanza. Ana mwaka na nusu, nasi hatujui hata pua kaichukua ukoo gani. Casimira hakulia. Aliliweka lile tofali mezani akakaa kulitazama. Afadhali angelia.

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Miaka thelathini nilikuwa karani wa mizani kwenye stesheni ya reli. Najua uzito wa mzigo na najua uzito wa uongo. Nani anayeshika barua zote za Quirupata? Mtu mmoja tu. Doña Nicasia Colque. Anauza stempu, anagonga muhuri, anapeleka barua nyumba kwa nyumba kwa miguu yake. Na barua zenyewe zinafikaje, zikifika? Zimefunguliwa. Zimekunjamana. Zina matope. Nyingine zinanuka moshi! Nikilalamika, ananitazama kwa upole. Mwizi wa kawaida hutazama chini. Huyu ni bingwa.

Mpango umekuja wenyewe nikinywa api, uji wetu wa mahindi ya zambarau. Barua isiyo na jina kwa mkaguzi wa posta, mji mkuu wa mkoa. Nimeandika kurasa mbili. Mwanzo wake unasisimua: "Mheshimiwa, joka limejilaza juu ya kiota cha barua." Niliisoma tena mara nne nikajionea fahari.

Kikwazo: namshtaki mtu wa posta kwa njia ya posta. Hapa kwetu, barua kumi zikiondoka, saba hazionekani tena. Nimefikiri hadi api ikapoa. Jibu limepatikana! Nakala tatu, siku tatu tofauti. Joka haliwezi kumeza zote. Nimeandika SIRI kwenye kila pembe ya bahasha, pembe zote nne, asije mtu akaipuuza. Ya kwanza imeingia sandukuni saa kumi jioni.

Jumanne, tarehe 2 Agosti

Posta imefungwa! Kikaratasi mlangoni: "Nimetoka kikazi." Kikazi! Kazi gani ya posta inafanyika nje ya posta?

Don Abundio Peredo, mwenye duka la dawa lililo mkabala, alikuwa amesimama mlangoni pake mikono nyuma, tumbo mbele, kama kawaida yake. Vifurushi vyake yeye huletwa na shemeji yake mkononi, kwa hiyo posta kwake ni mchezo wa kutazama. Akaniuliza habari za mjukuu. Nikasema hajambo.

"Nasikia ana uso mwekundu wenye pembe nne," akasema.

Jibu zuri lilinijia nilipokuwa nimeshafika nyumbani.

Jumatano, tarehe 3 Agosti

Nakala ya pili. Doña Nicasia alikuwepo leo, ameketi nyuma ya kaunta, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Imevimba kama mikate. Akaomba radhi kwa kunipokea amekaa, akaniuzia stempu, akaniambia niibandike kichwa juu maana huko mkoani wanapenda unadhifu. Ujasiri ulioje! Anauza kamba ya kujinyongea na kukushauri namna ya kuifunga!

Hiyo miguu lakini. Kuzunguka mitaa yetu michache kunavimbishaje miguu hivyo? Jana alikuwa wapi? Alibeba nini, akampelekea nani?

Alhamisi, tarehe 4 Agosti

Imefungwa tena. "Nimetoka kikazi." Nimeiandika hii kama ushahidi.

Ijumaa, tarehe 5 Agosti

Nakala ya tatu sandukuni. Casimira aliuliza naandika nini siku zote hizi. Nikamwambia ni shairi la sikukuu ya uhuru. Akasema shairi halihitaji nakala tatu, mume wangu, labda kama ni baya sana. Tofali bado liko mezani. Amelitandikia kitambaa.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti

Gwaride. Upepo mkali, bendera zilitaka kutuchukua sote. Watumishi wa umma walipita kwa mstari: walimu, muuguzi, kisha pengo, kisha Koplo Tancara. Pengo! Mahali pa Doña Nicasia! Miaka ishirini hajakosa gwaride hata siku alipofiwa na mume.

Nikamnong'oneza Don Abundio kwamba kuna watu wameanza kukimbia. Akasema kweli, akanitazama viatu. Simpendi.

Kesho namfuata huyu mama.

Jumapili, tarehe 7 Agosti

Mungu wangu. Lazima niandike.

Nilimvizia baada ya misa ya kwanza. Hakwenda kwa mnunuzi wa vitu vya wizi. Hakwenda kwa mtu yeyote. Alishika barabara ya lori hadi kona ya Msalaba, pale mlima ulipokatwa wima kama mkate na bonde liko chini mpaka ukilitazama unasikia njaa. Akatoa kamba ya manyoya ya lama. Ncha moja kwenye mwamba, ncha nyingine kiunoni. Akashuka. Mama wa miaka sitini na tatu, na sketi zake zote! Kofia haikutikisika.

Nikatambaa hadi ukingoni nikachungulia.

Barua. Mteremko mzima ulikuwa barua. Nyeupe, za manjano, zile za buluu za ndege. Zimenasa miibani, zimetanda juu ya mawe, nyingine zinapapatika kwenye nyasi kavu kama ndege waliovunjika mabawa. Upepo ulipopita, mlima wote ulipiga makofi. Nimewahi kuona treni ikiacha reli, nimewahi kuona theluji ya mwezi wa Januari. Kitu kama hiki sijapata kuona. Maneno ya watu wote wale, yamelala nje.

Naye alikuwa akiziokota moja moja. Anapangusa kwa sketi, anasoma anwani, anatia ndani ya nguo aliyojifunga mgongoni, pale pale alipobebea watoto wake zamani. Hana haraka. Kama mtu anayechuma viazi shambani kwake.

Jiwe likaponyoka chini ya kiwiko changu. Akainua uso. Hakushtuka hata kidogo.

"Don Wenceslao," akaita, "umekuja kushangaa au kushika kamba?"

Nilishika kamba. Saa mbili nzima. Viganja vimechubuka.

Amenieleza yote huku tukirudi. Miaka sita sasa kuna mtu anayefungua magunia ya barua njiani, akienda na akirudi. Anachukua cha kuvaa na cha kutumia, kinachobaki anakitupa bondeni. Nikamuuliza ni nani. Akasema hajamwona kwa macho yake, na jambo ambalo mtu hajaliona kwa macho hafai kulisema kwa kinywa. Nilitazama milima.

Basi kila Jumapili anashuka. Zenye matope anazifuta. Kurasa zilizotawanyika anaziunganisha. Zilizolowa anazianika jikoni juu ya meko. Ndiyo maana zinanuka moshi!

Akanikaribisha kwake. Niliingia nikavua kofia bila kujua, kama niko kanisani. Kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake, kwa vibanio vya nguo, barua. Mamia. Ilibidi tuiname tupite chini yake. Anaujua mwandiko wa kila mtu wa Quirupata na wa kila mtoto wa Quirupata aliyehamia mbali. Hii ya mwana wa mwoka mikate, yuko migodini. Hii ya yule msichana aliyetoroka na mpiga tarumbeta, anaomba msamaha, kwa hiyo ya kwake ikauke haraka. Nikamuuliza kwa hiyo anazisoma. Akasema husoma mstari wa mwisho wa ukurasa mmoja na mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata, ajue vinaendana.

"Yaliyo katikati si yangu," akasema.

Kisha akafungua kibanio kwenye pembe, karibu na meko.

"Hii ni yenu. Niliipata Jumapili iliyopita. Ningekuletea, lakini bado ilikuwa na unyevu, na picha ikikauka vibaya mtoto anajikunja."

Msichana mdogo, amekaa juu ya kiti cha majani, anacheka, jino moja. Masikio ni yangu. Mungu amhurumie, masikio ni yangu kabisa.

Nilimshukuru. Sikumwambia kitu. Barua tatu!

Jumatatu, tarehe 8 Agosti

Casimira amelala na picha kifuani. Leo asubuhi aliimba akimenya viazi. Sijamsikia akiimba tangu Griselda apande basi la kwenda mpakani. Tofali amelitupa nje, likampata jogoo wa jirani, hakufa.

Mimi siwezi kula. Kwa mara ya kwanza maishani nimemwomba Mungu barua zangu zipotee. Nimewasha mshumaa kwa Mtakatifu Antonio, kisha nikakumbuka kwamba yeye ndiye anayepata vilivyopotea. Nikauzima upesi nikauhamishia kwa mtakatifu wa pili yake, sijui jina.

Lakini nina matumaini. Posta ya nchi hii haijawahi kuniangusha katika kuniangusha. Griselda aliandika mara tisa mwaka jana, tukapata mbili. Kwa nini zangu tatu zifike?

Jumanne, tarehe 9 Agosti

Zimefika. Zote tatu!

Simu ya manispaa ililia saa nne asubuhi. Mkaguzi wa posta, Bwana Leónidas Zeballos, anakuja Ijumaa kwa gari la serikali. Ana mashtaka mazito, nakala tatu. Karani alitangaza mbele ya mlango, na saa tano mji mzima ulikuwa umejua. Doña Nicasia aliposikia alisema vizuri, akaendelea kugonga mihuri.

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa nikitazama anga. Kuna nguvu fulani duniani inayopoteza picha za watoto na kufikisha uongo wangu salama. Naiogopa nguvu hiyo. Naistahi pia.

Mpango: barua ya nne. Ya kukanusha. "Mheshimiwa, lile joka si joka." Lazima imfikie kabla hajapanda gari. Lori la posta linashuka kesho, na safari hii simwachii mtu. Nitaisindikiza mwenyewe hadi mlangoni pake. Kwa siri, bila shaka. Efraín Vaca, dereva wa lori, hapendi abiria.

Jumatano, tarehe 10 Agosti

Naandikia ndani ya chumba cha mahabusu.

Saa moja asubuhi Doña Nicasia alifunga gunia kwa kipande cha risasi chenye muhuri wa posta, Efraín akalipakia. Alipoingia kunywa kahawa, nikapanda nyuma nikajifunika turubai. Mwanzo mzuri kabisa! Barua ya nne ilikuwa ndani ya gunia, kwa njia halali, na mimi kando yake kama mlinzi.

Kona ya Msalaba, lori likasimama. Nikadhani injini. Turubai likainuliwa upande wa pili. Nikasikia mkasi. Kumbe! Efraín, kwa utulivu wa mchuna ngozi, anafungua gunia, anafungua bahasha. Anapapasa. Anayoitaka anatia ndani ya shati. Anayoikataa, hewani. Anapiga mluzi! Hereni ya mama fulani aliyomtumia bintiye ikaenda mfukoni. Barua yenyewe ikaenda bondeni. Nikaiona bahasha yangu mkononi mwake. SIRI, SIRI, SIRI, SIRI. Akaipasua kwa hamu kubwa, akaisoma, akacheka, akaitupa.

Nikapiga chafya.

Alinitoa kwa kola. Nilimwambia amekwisha, nimeona yote. Akasema vizuri sana.

"Sasa sikiliza, mzee. Mimi nina leseni ya kubeba haya magunia. Wewe una nini? Mtu mzima amejificha chini ya turubai na barua za watu. Nenda kasimulie. Nenda mbio!"

Akaondoka. Vumbi lote likanipata mimi.

Ningeweza kurudi mikono mitupu. Lakini zilikuwa zimeanguka karibu, nyingine hatua kumi tu chini ya ukingo, na nikamkumbuka yule mama na kofia yake. Nikashuka. Bila kamba! Nimeokota nilizoweza, shati likajaa, kofia ikajaa. Nilijisikia mtu mwema. Nikatembea hadi mjini, mwendo wa saa tatu, kifua mbele.

Wa kwanza kuniona alikuwa Don Abundio.

"Jirani! Posta imeajiri?" Kisha macho yakamtoka, akapaza sauti ambayo sikujua anayo: "Mwizi! Mwizi wa barua! Njooni mwone, zimejaa mpaka kofiani!"

Koplo Tancara aliomba radhi kabla ya kunifunga. Alikuwa mwanafunzi wa Casimira wa katekisimu.

Alhamisi, tarehe 11 Agosti

Casimira alikuja, akasimama nje ya nondo akanitazama kama alivyolitazama tofali. Nikamweleza yote isipokuwa zile tatu. Akasema ananiamini. Akaniuliza Efraín alikuwa amevaa nini. Nikamwambia sikumbuki, sweta tu, ya buluu. Akaondoka bila kuaga.

Mchana akaja Doña Nicasia na supu ya nafaka ya kwinoa. Kwa mwizi wa barua zake! Nilitaka kuungama. Nilifungua kinywa, nikaweka supu. Ilikuwa nzuri mno. Aliuliza viganja vyangu vinaendeleaje.

Ijumaa, tarehe 12 Agosti

Niko huru. Mambo niliyoyaona leo nitawasimulia watu mpaka wanikimbie.

Ukumbi wa manispaa ulijaa hadi madirishani. Bwana Zeballos ni mtu mdogo, mkavu, ana miwani ya kamba. Alipanga barua zangu tatu mezani kama karata. Akasema yuko kazini miaka ishirini na miwili, hajawahi kupokea barua tatu mfululizo kutoka Quirupata, kila moja siku moja tu baada ya kutumwa, safi, stempu kichwa juu. Kusema kweli, akasema, amekuja zaidi kuona muujiza huo kuliko kusikiliza malalamiko. Kisha akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye joka, watu wakamgeukia Doña Nicasia. Alikuwa amekaa mbele, mikono magotini, kofia sawasawa. Mimi nilikuwa natafuta ufa wa sakafu wa kuingia.

Efraín akaitwa. Akasema hana habari za joka ila mwizi yuko hapa, amemkamata yeye mwenyewe, amelala juu ya magunia. Don Abundio akaongezea habari ya kofia. Mambo yakawa mabaya. Hata mimi nilianza kuamini kwamba mimi ni mwizi.

Ndipo Casimira akasimama. Hakuomba ruhusa. Akapita katikati ya watu hadi kwa Efraín, akamshika mkono.

"Geuza mkono wa sweta, mwanangu."

"Mama, niache."

"Geuza. Sijasema nitakuuma."

Akaugeuza yeye mwenyewe. Ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, kifundo cha uzi mwekundu, mizunguko mitatu. Akafunua shali lake, kifundo kile kile. Akasema hicho ni kifundo alichorithi kwa mama yake, naye akamfundisha bintiye Griselda siku ya mvua akiwa na miaka saba, na duniani hakuna mkono mwingine unaokifunga. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Mwanangu alifuma hii sweta amebeba mtoto tumboni. Wewe umenitumia tofali."

Efraín akasema ameinunua sokoni. Mkaguzi akauliza soko gani, siku gani, kwa nani. Majibu matatu hayakujuana. Koplo akatumwa kwenye lori, akarudi na boksi lililokuwa chini ya kiti: mkasi, risasi za muhuri, hereni, saa, miwani ya mtu, meno ya bandia. Meno ya bandia! Nani anaiba meno?

Efraín amevuliwa sweta mbele ya watu wote. Casimira ameivaa pale pale, inampwaya, mikono inafika vidoleni. Sijamwona mwanamke mzuri kama yeye.

Lakini la ajabu lilikuwa bado. Nilimkuta Doña Nicasia ngazini, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kuna jambo. Zile barua tatu...

"Najua," akasema.

Alijua tangu Jumatatu ile! Aliutoa mwandiko wangu sandukuni akautambua kabla hata hajavaa miwani. Nikamuuliza kwa hasira, sijui kwa nini kwa hasira, kwamba kwa hiyo aliifungua. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Kufungua? Barua ya mtu?" Akanitazama juu hadi chini. "Mtu haandiki SIRI kwenye pembe nne za bahasha ili amsifu mwenzake, Don Wenceslao."

Na akijua hivyo, akaichukua. Hakuiweka ndani ya gunia la lori. Aliitia kifuani akaipeleka kwa miguu hadi stesheni ya Tarcani, mwendo wa saa tatu kushuka, saa tano kupanda, akamkabidhi mkuu wa treni mkononi. Siku ya pili yake alifika tena dirishani kuniuzia stempu ya nakala nyingine. Akaipeleka nayo. Na ya tatu, siku ya gwaride.

Nikamuuliza kwa nini. Mashtaka yake mwenyewe!

Akasema yeye ameandika mara kumi na moja miaka hii sita, akimwomba mkaguzi aje. Nyingine zilimrudia kutoka bondeni. Nne alizipeleka kwa miguu. Hakuna aliyejibu. "Mjane wa mlimani akilalamika, wanasema mama amechoka. Bwana akimshtaki mjane, gari linawashwa siku hiyo hiyo. Nikasema basi, kama kwangu haji, kwako atakuja."

Nikamuuliza kama hakuogopa kufukuzwa.

"Niliogopa. Unadhani miguu ilivimba kwa nini? Mwenye hofu hukanyaga vibaya."

Kisha akaomba radhi, ana barua za kusambaza. Nilimtazama akipanda mtaa, mfuko begani, mwanamke mfupi aliyejibebea kesi yake mara tatu kuvuka mlima kwa sababu ilikuwa barua na ilikuwa na anwani. Nilisimama pale hadi jua likanitoka usoni. Machozi yalinilenga. Ni upepo.

Jumapili, tarehe 14 Agosti

Nimeshika kamba tena leo. Watu kumi na wawili tumeenda, na vikapu. Bonde limebaki na mawe tu. Nimeapa mbele ya msalaba wa kona: maisha yangu hayatakuwa na hila tena.

Baada ya chakula cha mchana nikasikia kwamba mkaguzi ametangaza zabuni. Mtu mpya anatafutwa wa kubeba magunia ya posta, maombi yatumwe kwa barua kabla ya Ijumaa. Ni kazi yangu kabisa! Nani mwingine anajua mizani, reli, na lori kwa ndani? Sina gari, ila kaka wa Casimira ana nyumbu. Nimeandika ombi zuri, lenye jina langu. Nimelitia sandukuni mchana kweupe.

Jumatatu, tarehe 15 Agosti

Don Abundio naye ameomba! Ana gari lake la kubebea dawa, jipya, lina mpaka redio. Nilimwona kwa macho yangu akidumbukiza bahasha kubwa yenye lakiri, akipiga mluzi. Akaniambia wacha mshindi apatikane, jirani, kisha akacheka peke yake.

Nimetafakari kwa dhati niliyojifunza wiki hii. Nimejifunza kwamba barua ikishaingia kwenye sanduku la Doña Nicasia, lazima itafika. Kwa hiyo inabidi itoke kabla.

Jumanne, tarehe 16 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka. Mkono wa kulia uko ndani ya sanduku la posta.

Mpango ulikuwa safi. Saa saba mchana, mji wote umelala, waya wenye gundi nchani. Waya umezama. Nikaingiza mkono. Uliingia bila shida yoyote! Nimeishika bahasha. Ngumi hiyo sasa haitoki. Nimejaribu kila namna: kiganja wazi kinatoka, kiganja kilichofumba hakitoki. Nikiachia bahasha niko huru.

Siachii.

Sina hakika kabisa kwamba ni ya kwake. Nahisi karatasi nene, pembe moja. Huenda ni yangu.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, sanduku halikuguswa; leo saa nane Doña Nicasia anakuja kulifungua. Nitamwambia nakagua usalama wa sanduku. Dakika ishirini zimebaki, na bega limeanza kufa ganzi. Mlango wa duka la dawa umefunguka. Don Abundio ametoka. Ameleta kiti, amekiweka kivulini, amekaa.